Daraja la chuma linapostaafu, nani hulitunza?

WAKAZI wa Shika Adabu, Likoni, wanaovuka kwa feri kila uchao, wamelisubiri daraja kwa miaka mingi. Lakini kuna swali la pili ambalo ni nadra kuulizwa: kivuko kipya kinapofunguliwa, cha zamani hufanywa nini?

Historia ya Mombasa haitii moyo. Daraja la reli la Salisbury, lililounganisha kisiwa na bara mwishoni mwa karne ya 19, lilitoweka baada ya tuta la Makupa kujengwa. Daraja la Nyali lililoelea majini tangu 1931 nalo lilipoteza kazi mwaka 1980, lile la saruji lilipofunguliwa. Hakuna hata moja lililogeuzwa kuwa uwanja wa ngoma au maonyesho.

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Mjini Chattanooga, Marekani, daraja la chuma la Walnut Street, lenye urefu wa mita 724, lilifunguliwa 1891 na kufungwa kwa magari 1978. Lilikuwa libomolewe, wananchi wakapinga. Likakarabatiwa, na tangu 1993 ni njia ya waendao kwa miguu na mahali pa sherehe.

Mjini Cairo, Misri, mpango wa aina hiyo uliishia njiani. Daraja la Abu el-Ela la 1912 lilivunjwa mwaka 1998 kwa matumaini ya kupewa maisha mapya ya kitamaduni. Vipande vyake viliachwa ukingoni mwa Nile vikishika kutu.

Tofauti haikuwa katika ubora wa chuma, bali katika utunzaji. Chuma hukwanguliwa kutu na kupakwa rangi tena na tena, hasa penye upepo wa chumvi. Tena umati uliosongamana huweza kuwa na uzito mkubwa kama wa magari. Hivyo mhandisi hulipima daraja kabla ya jukwaa kuwekwa. Yote hayo yanahitaji mwenye mali anayejulikana na fungu la fedha la kila mwaka.

Mombasa yenyewe inaufahamu mfano huo. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza hadi 1958, kisha ikawa makumbusho mwaka 1960. Imedumu kwa sababu ilikabidhiwa wenye jukumu la kuitunza. Siku daraja la Likoni litakapojengwa, hatima ya feri na magati yake yafaa iamuliwe mapema, kabla kutu haijaamua.