Pwani, Ufuko au Ukingo? Istilahi za Kuweka Majengo Kando ya Maji katika Michezo ya Kujenga Miji

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kutatua tatizo moja la michezo ya kompyuta, na papo hapo kupendekeza istilahi chache zitakazomwezesha mtu kulieleza tatizo hilo kwa Kiswahili. Tatizo lenyewe ni la majengo ya kando ya maji, kama vile bandari, gati na nyumba zinazotazama bahari. Mchezaji akijaribu kuyaweka hukataliwa. Au hukubaliwa, kisha jengo likaonekana limeelea hewani ama limezama nusu.

Huenda yupo msomaji atakayeuliza mchezo una uhusiano gani na baraza la lugha. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza kuutumia mchezo wa Minecraft kuwashirikisha wananchi katika kupanga maeneo ya umma. Tangu hapo si rahisi kusema kwamba michezo ya namna hii ni ya watoto tu. Aidha, maandishi ya baadhi ya michezo hii huwekwa katika mafaili ambayo mchezaji mwenyewe aweza kuyabadilisha. Kwa hiyo tafsiri za Kiswahili zaweza kufanywa na yeyote mwenye nia, wala hatalazimika kusubiri ruhusa ya mkuza istilahi. Lililobaki kwetu ni kuhakikisha kwamba maneno mazuri yapo tayari atakapoyahitaji.

Mfano wetu mkuu ni mchezo uitwao SimCity 4, uliotolewa na kampuni ya Maxis mwaka 2003. Tumeuchagua kwa sababu umeongezewa mambo mengi mno na wachezaji wenyewe, na kwa sababu kanuni zake za ardhi na maji ni rahisi kueleza. Ardhi yote imegawanywa katika miraba ya mita 16 kwa 16, na mji mkubwa kabisa una miraba 256 kila upande, yaani kiasi cha kilomita nne. Kila jengo hukaa juu ya kiwanja, na kiwanja huwa na idadi kamili ya miraba. Hakuna nusu mraba. Maji nayo yana kimo kimoja tu katika mchezo mzima, ambacho ni mita 250. Popote ardhi inaposhuka chini ya kimo hicho pana maji, na popote inapopanda juu yake pana nchi kavu.

Hapa ndipo neno la kwanza linapotukwaza. Wanaotafsiri huandika moja kwa moja kwamba jengo fulani "linahitaji pwani". Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, na maana yake ya asili ni mahali ambapo maji hupwa, yaani ule ukanda unaofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapopwa. Katika SimCity 4 maji hayajai wala hayapwi. Hakuna bamvua, hakuna maji mafu. Pwani kwa maana hiyo haipo kabisa, na mchezaji aliyezaliwa Bagamoyo au Lamu akiambiwa aweke jengo pwani, aweza kudhani kwa haki kabisa kwamba anatakiwa kutafuta ukanda wa mchanga kati ya maji na nchi kavu. Atautafuta bure.

Neno ufuko (au ufukwe, kama wengi wanavyosema siku hizi) halifai pia, kwa kuwa linabeba mchanga ndani yake. Ni kweli kwamba mchezo hupaka rangi ya mchanga kando ya maji, lakini rangi hiyo ni pambo tu. Ziko nyongeza zinazoibadilisha ikawa mawe au majani bila kugusa kanuni yoyote ya ujenzi. Mwambao ni neno la jiografia, nalo huhusu eneo refu. Hatuwezi kusema kwamba mraba mmoja ni mwambao. Diko ni mahali pa wavuvi wa bahari kutia nanga na kushusha samaki, na wenzao wa Ziwa Viktoria husema mwalo. Hayo ni maneno mazuri sana yanayongojea kutumiwa kwa majengo maalumu ya uvuvi, wala tusiyapoteze kwa kuyapa maana ya jumla. Pendekezo letu ni ukingo wa maji. Istilahi hii hufaa kwa bahari, ziwa na mto pia, haina mchanga wala kupwa, na inasema lile hasa ambalo mchezo hulipima, yaani mstari ambapo mraba wa maji hukutana na mraba wa nchi kavu.

Tukishakubaliana juu ya ukingo wa maji, sababu ya kwanza ya kukataliwa kwa majengo huwa wazi. Ndani ya faili la kiwanja mtengenezaji ameandika kwamba mraba huu lazima uwe maji na ule lazima uwe nchi kavu. Maagizo haya tumeyaita masharti: sharti la maji na sharti la nchi kavu. Tuseme kiwanja cha bandari kina upana wa miraba sita na kina cha miraba minne, na safu mbili za mbele zina sharti la maji. Ukingo wa maji ukienda mshazari, mraba mmoja tu wa safu hizo ukiangukia nchi kavu, kiwanja kizima hukataliwa na miraba yake hugeuka nyekundu. Dawa yake ni mojawapo ya hizi: kukizungusha kiwanja kielekee upande mwingine, kuunyosha ukingo kwa kushusha ardhi mbele na kuipandisha nyuma, au kukifungua kiwanja kwa programu ya kuhariri viwanja ambayo Maxis yenyewe iliwagawia wachezaji, na kupunguza masharti. Njia hii ya mwisho hupendwa na wasio na subira. Sisi twaiona ya mwisho kweli, kwani bandari isiyo na sharti la maji yaweza kuwekwa juu ya kilima, na mchezo hautasema neno.

Sababu ya pili ni mteremko, na ndiyo inayowasumbua wengi zaidi kwa kuwa haionekani. Kiwanja kinapowekwa, mchezo husawazisha ardhi iliyo chini yake. Pembe za mraba mmoja ndizo pembe za mraba wa jirani. Kwa hiyo ukisawazisha hapa, ardhi ya jirani nayo huvutwa juu au chini. Mbali na maji jambo hili halina madhara makubwa. Ukingoni mwa maji, mvuto wa mita moja tu waweza kuutosa mraba uliokuwa nchi kavu, au kuukausha uliokuwa maji. Matokeo yake ni kwamba jengo la kwanza hukubaliwa, na la pili, ambalo lingekubaliwa dakika moja kabla, sasa hukataliwa. Mchezaji hulaumu faili la jengo la pili, akalifuta, akatafuta jingine, na tatizo likabaki palepale.

Dawa ni kuisawazisha safu nzima kabla ya kuweka hata jengo moja. Wachezaji wazoefu hupitisha barabara kando ya maji, au hupanga viwanja vidogo vya mraba mmoja mmoja, hadi ukingo wote uwe na kimo kimoja. Kisha huvibomoa na kuanza ujenzi wa kweli kutoka ncha moja kwenda nyingine. Kimo chenyewe nacho kina umuhimu. Kuta za bahari zilizotengenezwa na wachezaji zimeundwa kwa kimo maalumu juu ya maji, na aliye mwangalifu husoma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kusawazisha. Ukuta ukiwekwa juu ya ardhi iliyo juu kuliko kimo chake, sehemu yake ya chini haitagusa maji. Hilo ndilo jengo linaloelea hewani tulilolitaja mwanzoni.

Juu ya kitenzi kusawazisha tulisita kidogo, maana siku hizi watu wengi hulikutia neno hilo kwenye taarifa za mpira, kwenye bao la kusawazisha. Lakini waashi wamelitumia kwa ardhi na kuta miaka yote, na wana chombo chao kiitwacho pimamaji, ambacho kwa kiputo cha hewa kilichomo katika kimiminika ndani ya kioo huonyesha kama tofali limelala sawa. Ni jambo la kufurahisha kwamba lugha yetu tayari imemfunza mwashi kuupima usawa kwa maji. Kusawazisha kubaki.

Sababu ya tatu haihusu ardhi wala maji, bali mafaili. Kwanza jina la mafaili hayo yote kwa jumla. Vijana husema modi. Neno hilo lina kasoro, kwani tayari linatumika katika takwimu kwa maana ya thamani inayojirudia mara nyingi zaidi, na mwalimu wa hisabati hatafurahi kulipoteza. Twapendekeza nyongeza kwa faili linaloongeza kitu kipya, kama vile gati, na badiliko kwa faili linalogeuza kitu kilichokuwapo, kama vile rangi ya ufuko. Tofauti hii ina manufaa. Mabadiliko mawili yanayogusa kitu kimoja hugongana, na mchezo huyasoma mafaili kwa mfuatano wa alfabeti, likatawala lile linalosomwa mwisho. Ndiyo maana watengenezaji hutanguliza herufi z katika jina la faili wanalotaka litawale. Nyongeza mbili aghalabu hukaa pamoja bila ugomvi.

Kosa kubwa zaidi la tafsiri tulilolikuta katika uwanja huu linahusu mafaili ambayo nyongeza huyahitaji ili ionekane. Kiwanja cha gati chaweza kutumia picha za mashua, makreti na taa zilizomo katika faili lingine kabisa. Faili hilo lisipokuwapo, mahali pa jengo hutokea sanduku la rangi ya kahawia. Wafasiri wameliita faili linalohitajiwa "faili tegemezi". Tegemezi, kwa Kiswahili cha kila siku, ni yule anayetegemea: mtoto ni tegemezi kwa mzazi. Hapa kiwanja cha gati ndicho tegemezi, na lile faili la picha ni tegemewa. Mtu akiambiwa "umekosa faili tegemezi" atakwenda kutafuta gati jingine, hali gati analo na kilichokosekana ni mashua. Kiambishi kimoja kimeipindua maana, na mtu akapoteza jioni nzima. Liwe faili tegemewa.

Mchezo wa pili, Cities: Skylines, uliotengenezwa na kampuni ya Colossal Order ya mjini Tampere, Finland, ukatolewa mwaka 2015, unatupa kazi ya namna nyingine. Miraba yake ni ya mita 8, na maji yake hutiririka. Mchezaji akijenga bwawa mtoni, maji huongezeka juu na kupungua chini, na ukingo wa maji uliokuwapo jana leo umehama. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya bandari inayokataliwa huku ni kungoja maji yatulie. Lakini lililo muhimu kwetu ni kwamba mchezo huu, unapokataa, husema sababu, na kila sababu ina ujumbe wake: kwamba ukingo haukupatikana, kwamba mteremko umezidi, kwamba kuna kitu kingine mahali hapo, kwamba juu ya maji hapajengwi. Mfasiri mvivu ataandika "Eneo hili halifai" kwa zote nne, na kumnyima mchezaji kile alichopewa na mtengenezaji.

Ngeli ya mahali hutusaidia sana hapa. Kwa kitu kingine kilichopo, neno moja latosha: Pamekaliwa. Kwa maji: Hapajengwi juu ya maji. Kwa mteremko: Pana mteremko mno. Kwa ukingo ungetegemea "Hapana ukingo wa maji", lakini tumeukataa ujumbe huo, kwa kuwa msomaji wa haraka ataliona "Hapana" akadhani ni jibu la kukanusha lililo kamili, akaacha kusoma. Ukingo wa maji haupo ni bora.

Yako pia mabadiliko yanayouzuia mchezo usikague masharti yoyote, na mengine yanayoruhusu jengo lililokwisha wekwa lisogezwe kidogo kidogo hadi likae vizuri. Haya ya pili yana faida kubwa ukingoni mwa maji. Yale ya kwanza yatumiwe kwa hadhari: bandari iliyowekwa bila ukaguzi husimama, lakini kama haikuunganishwa na njia ya meli iliyoko baharini, haitapata meli hata moja.

Limebaki neno gati, ambalo sasa linabeba vitu viwili: ukuta unaokwenda sambamba na ukingo wa maji, ambao meli hulala ubavu wake, na jukwaa linalochomoza kutoka ukingoni kuelekea kilindini. Katika mchezo vitu hivi vina masharti tofauti kabisa. Cha kwanza huhitaji nchi kavu nyuma yake kwa urefu wote, na cha pili huhitaji mraba mmoja tu wa nchi kavu kwenye ncha yake. Wasomaji walio karibu na mabaharia, makuli wa bandarini na wavuvi wa maziwa wanaombwa watuarifu kama kuna jina linalotumika kwa hicho cha pili.