Gari la turbo linapokosa pumzi

Gari lenye turbo likianza kuwa zito mlimani, lawama hutupiwa turbo yenyewe. Kifaa hicho ni ghali, na mara nyingi hung'olewa ilhali kosa liko kwenye mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au sensa iliyochafuka. Njia ya uhakika ni kuifuata hewa tangu inapoingia hadi inapotoka kama moshi, kwa kuanza na vipimo visivyo na gharama.

Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la turbo lililo upande wa ekzosi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti moja na jingine linalovuta hewa safi na kuisukuma kuelekea kwenye injini. Shafti hiyo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa inapobanwa hupata joto, kwa hiyo hupozwa kwanza kwenye intakula, kisha hupita kwenye throto, yaani mlango unaofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Katika magari mengi ya petroli, sensa iliyo karibu na kichujio hupima uzito wa hewa inayoingia, na kompyuta ya gari hutoa petroli kwa kipimo hicho: kwa mwendo wa kawaida, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa ikivuja au ikijipenyeza baada ya sensa, hesabu hiyo huvurugika.

Dalili hutegemea mahali penye tobo. Likiwa kati ya sensa na turbo, huingia hewa isiyopimwa. Petroli huwa pungufu na kompyuta huweza kuhifadhi kodi (namba ya hitilafu) P0171. Likiwa kati ya turbo na throto, hewa iliyokwisha kupimwa hutoroka mara turbo inapoanza kusukuma. Husikika mluzi au sauti ya kupuliza, petroli huzidi na moshi mweusi hutoka. Likiwa baada ya throto, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, lakini huonekana kutulia mwendo ukiongezeka.

Mfano mzuri ni Subaru Forester ya turbo, gari linaloonekana sana Kenya na Tanzania. Katika matoleo yake ya awali, intakula imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na bomba linalopeleka hewa kwenye turbo limepita chini ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), mahali jicho lisipofika kirahisi. Joto la miaka mingi hukausha mpira wa bomba hilo, na ufa huweza kujificha upande wa chini.

Ukaguzi huanza injini ikiwa baridi: kichujio hutolewa na kutazamwa, mipira hubonyezwa na kupindwa kwa mkono, klipu hukazwa. Kisha huunganishwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Swichi ikiwashwa bila kupiga stata, sensa ya shinikizo la manifoldi inapaswa kuonyesha shinikizo la hewa ya mahali hapo: karibu kPa 100 Mombasa au Dar es Salaam, na karibu kPa 83 Nairobi, kwa sababu ya mwinuko. Ikisoma 83 ufukweni, sensa hiyo si ya kuaminika. Injini ya lita 2 iliyopata moto, ikiunguruma bila kukanyagwa, kwa kawaida huvuta gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde. Kodi P0299 humaanisha tu kwamba shinikizo la turbo liko chini ya linalotarajiwa. Haisemi kwamba turbo imekufa.

Uvujaji usioonekana hutafutwa kwa upepo. Injini ikiwa imezimwa, mdomo wa bomba la kuingilia turbo huzibwa kwa kizibo chenye vali, upepo wa kompresa hujazwa polepole bila kupita shinikizo la kawaida la turbo, na maji ya sabuni hupakwa kwenye viungo. Penye tobo mapovu huvimba. Upepo kidogo unaosikika kwenye mdomo wa kujazia oili si kosa, kwani baadhi hupenya pembeni mwa pistoni.

Hufuata vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo. Ikikwama wazi, msukumo hupungua. Mpira wake wa hewa ukichomoka, msukumo hupita kiasi na kodi P0234 huweza kujitokeza. Katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) iliyoziba nayo hulifanya gari lisivute: geji ikiwekwa kwenye ekzosi kati ya turbo na katalisti, shinikizo linalozidi takriban kPa 20 kwenye mizunguko 2,500 ni ishara ya kuziba. Gari likikatikakatika pale tu turbo inaposukuma, plagi na koili hukaguliwa pia.

Turbo hufikiwa mwisho. Bomba lake hutolewa na shafti hushikwa kwa vidole. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma kwa kuhisika, au gurudumu kukwaruza nyumba yake, ni uchakavu. Kabla ya kufunga nyingine, njia ya oili husafishwa na oili hubadilishwa, kwa sababu turbo iliyokufa kwa kukosa oili huiachia mpya tatizo lilelile. Baada ya matengenezo, kodi hufutwa na gari huendeshwa kwenye mlima uleule huku shinikizo likisomwa. Likifika kiwango kinachotajwa na mtengenezaji, kazi imekwisha.