Pumzi ya Bata Wetu

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari ya bata na ugonjwa wa pumzi umpatao. Labda mtu atacheka na kusema, "Je! bata naye ni mtu, hata aandikiwe habari?" Na acheke, lakini asome hata mwisho, maana habari hii ilitoza machozi ya mtoto.

Nyumbani mwetu palikuwa na bata jike mweupe. Binti yetu mdogo alipewa na bibi yake, bata alipokuwa angali kifaranga. Hakuwa bata wa kuchinjwa. Alimfuata mtoto hata kisimani, na jioni alimngoja mlangoni atokapo shuleni. Hata masika ilipofika, banda lake likalowa. Tulikuwa na mabua ya mpunga yaliyonyeshewa mvua, nayo yalikwisha kuota ukungu. Tukasema, "Haya yatamfaa, bata si mpenda maji?" Tukamtandikia hayo.

Baada ya siku chache mtoto akaja mbio, akatuambia, "Bata anapumua kwa mdomo." Tukaenda kutazama. Alikuwa amenyoosha shingo, mdomo u wazi, na mkia ulipanda na kushuka kila avutapo pumzi. Tukamkamata kwa nguvu, tukambana kifuani, tukampanua mdomo na kummiminia dawa tuliyoinunua dukani pasipo kuuliza mtu. Akazidi kukoroma. Kesho yake tukampeleka kwa daktari wa mifugo, lakini tulikuwa tumechelewa, akafa. Daktari akampasua, akatuonyesha vidonge vidogo vya rangi ya manjano mapafuni, na ukungu ndani ya vifuko vya hewa. Akasema, "Ugonjwa huu hakuambukizwa na ndege mwingine. Umetoka katika matandiko yake."

Maneno hayo yalituchoma moyo. Basi, yale tuliyofundishwa siku ile twawapa ninyi, ili bata wenu wapate kupona.

Kwanza, yafaa kujua jinsi bata apumuavyo. Yeye hana kiwambo kama chetu, kitenganishacho kifua na tumbo. Mapafu yake hayatanuki sana. Hewa hupelekwa na vifuko vyembamba, kwa kawaida 9, vilivyoenea mwilini mwake. Kidari kikishuka hewa huingia, kikipanda hewa hutoka. Kwa hiyo ambanaye bata kifuani amemziba pumzi, ijapokuwa hakuigusa shingo. Tena tundu la pumzi lipo nyuma ya ulimi, chini kinywani. Ammiminiaye maji au dawa aweza kuyapeleka mapafuni.

Pili, si kila sauti ni ugonjwa. Bata wale wenye nyama nyekundu usoni hawana kelele. Dume lao hutoa sauti kama ya upepo, naye ni mzima. Tena siku ya jua kali bata hutweta ili apoe. Mpe kivuli na maji, naye atatulia. Lakini akitweta kivulini, mkia ukitikisika, pua ikitoka kamasi, au akikataa chakula, huyo hawezi, wala usingoje kesho.

Tatu, mtenge na wenzake, umweke mahali pakavu, penye hewa safi na utulivu, mbali na moshi wa jikoni. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa, wala usimkaze. Tazama kinywani, ukiona jani au chakula kilichokwama karibu, kitoe polepole. Mwekee chombo chenye maji ya kutosha kuzamisha pua na macho, maana bata husafisha pua yake majini, tena hupaliwa kwa urahisi akila pumba kavu pasipo maji karibu.

Nne, usimpe dawa kwa kubahatisha. Magonjwa ya pumzi ni mengi: mengine ya bakteria, mengine ya virusi, mengine ya ukungu ambao wataalamu huuita Aspergillus. Dawa iuayo bakteria haiui ukungu. Dawa za ukungu zipo, lakini matibabu ni ya siku nyingi, na mara nyingi ndege huwa amekwisha kudhoofika. Muulize daktari wa mifugo, na umwulize pia ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe baada ya dawa.

Tano, na hili ndilo kubwa, kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Matandiko yawe makavu. Yakilowa yatolewe siku ile ile. Nafaka yenye ukungu usimpe bata kwa kuwa haifai kwa watu. Haimfai yeye pia. Banda liwe na madirisha, maana harufu kali ya mavi humwunguza macho na koo. Na afagiaye mabua yenye ukungu afunike pua na kinywa, kwa kuwa vumbi lile laweza kudhuru mapafu ya mtu vilevile.

Neno moja zaidi, nanyi waalimu mlifundishe shuleni. Bata wengi wakiugua pamoja au wakifa kwa ghafula, msiwachinje, msiwale, wala msiwapeleke sokoni. Mwiteni bwana mifugo upesi. Huenda ikawa ni mafua makali ya ndege. Mwaka 1997, huko Hong Kong, ugonjwa huo uliwapata watu 18, na 6 katika hao walikufa. Tena bata aweza kuuchukua pasipo kuonyesha dalili. Auzaye ndege mgonjwa kwa jirani yake, naye ajua, amemwibia fedha, na labda amemwibia na uhai.

Sasa turudi kwa binti yetu. Tulipomzika bata wake chini ya mwembe, alituuliza, "Ni nani aliyemwua?" Tungaliweza kusema, "Ni ugonjwa tu," naye angaliamini. Walakini twamfundisha kila jioni kusema kweli. Basi tukamwambia, "Ni mabua yale, na sisi ndio tuliomtandikia. Tusamehe." Si desturi ya wazee kumwomba mtoto radhi, na neno lile lilikuwa zito kinywani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimesamehe. Lakini banda tulisafishe."

Tukalisafisha siku ile ile, naye alishika ufagio, kitambaa usoni. Mabua yote tukayazika mbali. Leo wamo bata wawili, na kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni yeye hutia mkono katika matandiko kuona kama ni makavu. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mtu mwema hujali hata mifugo yake. Tulikuwa tukilisoma neno hilo miaka mingi. Mtoto ndiye aliyetuonyesha mahali pa kuanzia kulitenda.