Mashine Ipo, Foleni Haipo

Banda bado limesimama hapa Sofu, Kibaha. Bati ni lilelile, na mlango ni uleule wa mbao uliokuwa ukifungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Ndani siku hizi kuna magunia ya chakula cha kuku na taa ya kukuzia vifaranga. Juu ya magunia, ukutani, kuna maandishi ya rangi nyeusi ambayo mpangaji mpya hajajisumbua kuyafuta: UKIFUNGWA LIPA, INUKA. Maneno matatu hayo yalikuwa katiba nzima ya banda la gemu, na sikumbuki kuona mtu akiyabishia.

Mimi ni mchezaji wa kawaida tu. Nasoma habari za teknolojia kama wengine wanavyofuatilia usajili wa Simba na Yanga: kwa mapenzi, kwa hasira, na bila cheti chochote. Kwa miaka kadhaa, mtu akiniuliza kwa nini mabanda ya gemu yamekwisha huku kwetu, nilikuwa na jibu la haraka kwamba simu imeyaua. Bado naamini simu imo. Lakini jibu hilo haliwezi kueleza kwa nini wenye mabanda waliojaribu kupanda ngazi, wakanunua mashine mpya na televisheni bapa, wengi wao nao walishindwa.

Tuanze na mashine iliyoyajenga mabanda. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na hadi leo hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kwa wingi kuizidi. Sony wenyewe wanahesabu milioni 160. Sehemu kubwa ya umri wake mitaani kwetu, hata hivyo, haikutokana na Sony. Ilitokana na mafundi. Fundi alikuwa akiifungua mashine, anaichomekea chipu, na kuanzia siku hiyo inasoma diski ya kuchoma iliyonunuliwa Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana. Lenzi ikichoka, inabadilishwa. Pedi ikilegea mshale, inafunguliwa, inasafishwa kwa spiriti, inarudi kazini. Memori kadi ikifa, wanaolia ni wawili au watatu waliokuwa wamehifadhi timu zao humo, kisha maisha yanaendelea. Kila kitu ndani ya banda kilikuwa na mtu wa kukitengeneza, na mtu huyo alikuwa anafikika kwa daladala.

Sony ilisitisha uzalishaji wa mashine hiyo mwanzoni mwa 2013. Novemba mwaka huohuo ilitoka PES 2014, gemu ya mwisho ya mpira ya Konami kwa ajili yake. Sofu hakuna aliyetikisika. Dunia ilikwisha kuihama PS2, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaongeza benchi la pili. Ni jambo linalosahaulika kirahisi na wanaoandika historia ya gemu kwa kufuata tarehe za kutolewa: kifo cha bidhaa kiwandani na kifo chake mtaani ni vitu viwili vinavyoweza kupishana kwa miaka mingi.

Na banda halikuwa mashine peke yake. Kwenye televisheni ya chogo wanacheza wawili. Nyuma yao wamesimama wanane, na kati ya hao wanane labda watatu ndio wenye hela. Watano waliobaki walikuwa watazamaji, washauri, wapiga kelele na waamuzi. Humo ndimo nilimojua kwamba "London FC" ni Chelsea na "Merseyside Red" ni Liverpool, kwa sababu katika PES 6 Konami hawakuwa na leseni ya majina hayo, na ilibidi mkubwa mmoja anieleze kwa upole wa dharau. Humo walikuwamo wenye subira ya kukaa nusu siku kwenye sehemu ya kuhariri, wakipaka jezi rangi ya kijani na njano hadi timu fulani ya Ulaya isiyo na mashabiki ikageuka Yanga. Kwenye mchezo ule hakukuwa na Yanga. Waliitengeneza.

Sasa hesabu. Nilikuwa nikiamini kwamba bei ndiyo iliyowashinda wenye mabanda, nikasema nipige hesabu ili nithibitishe. PS5 yenye sehemu ya diski ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499 huko Marekani. Kwa dola ya wakati ule, iliyokuwa karibu shilingi 2,300, hiyo ni kama milioni 1.15, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Chukua mechi moja ya dakika kumi kwa Sh 500. Unahitaji mechi 2,300 kurudisha fedha ya mashine, yaani saa 383 hivi za kucheza. Banda lenye wateja saa sita kwa siku linazimaliza saa hizo kwa takriban miezi miwili. Ongeza televisheni, pango, LUKU na pedi ambazo vijana wanazibonyeza kama wanakanda unga, fanya iwe miezi sita au minane. Biashara nyingi za mtaani zingefurahia kurudisha mtaji kwa muda huo.

Kwa hiyo nilikosea. Kinachoiangusha hesabu hiyo ni maneno "lenye wateja saa sita kwa siku". Kilichokwisha ni foleni.

Foleni imekwenda wapi? Sehemu yake imo mfukoni. Kijana mwenye Tecno au Infinix anacheza eFootball bure, anacheza Dream League, anacheza Free Fire, na gharama yake ni bando ambalo angelinunua hata hivyo. Sehemu nyingine, ambayo wazazi hawapendi kuisikia, imehamia kwenye mkeka. Kampuni kubwa za kubeti zilipoingia kwa kishindo, SportPesa ikiwa imeandikwa kwenye vifua vya Simba na Yanga kuanzia 2017, ile mia tano ya kijana ilipata mnunuzi mpya. Bandani mia tano ilinunua dakika kumi za hakika, na nafasi ya kumfunga rafiki yako mbele ya watu. Kwenye mkeka ileile inanunua ndoto ya laki tatu. Kisha zikaja zile mashine za sarafu, dubwi, zikapachikwa kwenye kona za maduka na baa. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 18, na iko Bodi ya kuisimamia, lakini dubwi la kona haliulizi mtu kitambulisho. Ajabu ni kwamba hofu ya watu wazima mtaani imebaki palepale: ukisema "gemu", mzee anasikia kamari. Banda lililokuwa likiuza mpira wa kuchezea lilibeba aibu ya biashara iliyokuwa ikilimaliza.

Hata hivyo foleni ingeweza kurudi kama mashine mpya ingekuwa na tabia ya ile ya zamani. Haina. Hapa ndipo habari za teknolojia ninazosoma usiku zinapokutana na banda la vifaranga.

PS2 uliichomeka kwenye umeme ikawaka. PS5 inakuuliza wewe ni nani na unaishi nchi gani. Ukitaka kuisajili akaunti yako kwa ukweli, unatafuta Tanzania kwenye orodha ya nchi na huioni. Watu wanajifanya wakazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, wananunua kadi za vocha za huko kwa mtu wa kati, na wanaishi kwa matumaini kwamba akaunti haitafungiwa. Mei 2024 dunia nzima ililiona jambo hili kwa siku chache. Sony walitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, na gemu hiyo ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako akaunti hizo hazitolewi. Kelele zilipozidi Sony wakaliondoa sharti. Wenzetu wa Ulaya waliliita kashfa. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu, maana kwa mchezaji wa Kibaha hayo ndiyo maisha ya kila siku, hayakuhitaji kashfa.

Kisha diski. Diski ndiyo iliyokuwa mwili wa biashara: inaazimwa, inauzwa mkono wa pili, inabadilishwa banda kwa banda. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila sehemu ya diski, kwa dola 700. Ukiitaka sehemu hiyo unainunua pembeni. Nintendo walipotoa Switch 2 Juni 2025, baadhi ya kadi zake za gemu hazina gemu ndani yake. Zina ufunguo tu, gemu yenyewe unaishusha kwa intaneti. Na hata uliyoilipia inaweza kuondoka. Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na walioinunua wakabaki na diski isiyofungua chochote. Mwenye banda wa zamani angeuliza swali moja tu: fundi wa hiyo yuko wapi? Hayuko. Lenzi iliyochoka ina dawa. Seva iliyozimwa haina.

Na mpira wenyewe, roho ya mabanda, uliharibikia nyumbani kwake. Mwaka 2021 Konami waliliua jina la PES, wakatoa eFootball ya bure iliyofika sokoni nusu mbichi, na wachezaji wenye nyuso zilizopinda hadi mashabiki dunia nzima wakaicheka na kampuni ikaomba radhi. Imetengenezwa baadaye, na kwenye simu inapendwa sana, lakini imejengwa kwa mchezaji mmoja mmoja anayekusanya kadi za nyota na kurudi kila siku kuchukua zawadi. Upande wa pili, EA waliachana na FIFA, wakabadili jina la gemu yao kuwa FC kuanzia 2023, na kila Septemba wanatoa toleo jipya ambalo faida yake kubwa iko kwenye vifurushi vya kununua wachezaji. Mtu anayejenga kikosi chake kwa miezi anataka akaunti yake, nyumbani kwake. Benchi halimsaidii kitu.

Mabanda machache yaliyobaki kando ya Barabara ya Morogoro yanaendeshwa kwa PS4, mashine ya 2013. FC 26 bado imetolewa kwa PS4, na hiyo ndiyo pumzi yao. Siku EA watakapoamua kwamba inatosha, PS4 haitapata uzee mrefu wa PS2, kwa sababu kijana wa leo anataka kikosi cha msimu huu, si cha miaka mitano iliyopita.

Nisije nikaonekana nalilia pepo. Banda lilikuwa na joto, jasho na matusi, na wapo wanafunzi waliokaa humo saa za hesabu na hadi leo hesabu inawadai. Kuna jambo lingine ambalo lilinichukua muda kuliona: katika miaka yote ile sikumbuki msichana hata mmoja aliyeketi kwenye benchi lile. Hawakukatazwa na maandishi yoyote. Mlango tu ulikuwa umejaa sisi. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, anacheza eFootball kwenye simu ya mama yake, na ananifunga. "Mjomba, unakimbia na mpira kama unamkimbiza kuku," aliniambia mwezi uliopita, na hakuwa mbali na ukweli. Ukihesabu vichwa, Sofu ina wachezaji wengi leo kuliko siku zote za banda.

Lakini hakuna anayesimama nyuma yake. Akinifunga bao zuri tunaliona wawili. Wale watano wasio na hela, waliokuwa wakiingia bandani bure na kutoka wakiwa wamejifunza mchezo kwa macho, simu haina pa kuwaweka. Mimi nauona upungufu uko hapo hasa, na haupimwi kwa idadi ya wachezaji wala kwa mauzo ya mtu yeyote.

Mwenye banda hakuiuza PS2 yake. Ameifunga kwenye mfuko wa saruji, iko juu ya kabati. Alinituma Kariakoo nikamtafutie lenzi, akisema anataka tu aiwashe, wajukuu waione. Fundi aliipata lenzi kwenye kopo lenye vumbi bila hata kunyanyuka kitini, akanitajia bei ya maandazi. Kisha akaniuliza mzee ana televisheni gani siku hizi. Nikamwambia bapa, mpya. "Angalia nyuma yake kama ina zile tundu tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu," alisema. "Nyingi sasa hazina." Nilipiga simu kutoka palepale. Mzee akaenda nyuma ya televisheni, nikamsikia akipapasa, akipapasa, halafu akaniambia nisubiri aende kuchukua tochi.