Makovu yangalipo, lakini chuki ilimtoka

Na MWANDISHI WETU

HUSEMWA kuwa mpigaji husahau lakini aliyepigwa hasahau. Je, atasahau vipi mtu ambaye kila avaapo nguo huyagusa makovu aliyoachiwa na kosa la mwingine?

Hilo ndilo swali ambalo Bi Phan Thi Kim Phuc amelijibu kwa maisha yake. Wengi wamjua kwa picha wala si kwa jina. Ndiye yule msichana aliyeonekana akikimbia barabarani uchi, mikono kaitanua, akilia kwa uchungu wakati wa vita vya Vietnam.

Picha hiyo, iliyosambazwa ulimwenguni na shirika la habari la Associated Press, ilipigwa Juni 8, 1972 huko Trang Bang, si mbali na mji wa Saigon ambao siku hizi huitwa Ho Chi Minh. Kim alikuwa na umri wa miaka tisa.

Siku hiyo ndege ya jeshi la Vietnam Kusini, lililokuwa likisaidiwa na Marekani, iliwaangushia napalmu wanakijiji waliokuwa wakitoroka kutoka hekalu walimojificha.

Napalmu ni mafuta yaliyofanywa mazito ili yagande popote yanapoangukia. Yakimpata mtu huendelea kuwaka juu ya ngozi, na akijaribu kuyapangusa, huuchoma mkono nao. Nguo za Kim ziliteketea. Binamu zake wawili wadogo walikufa.

Waandishi wa habari ndio waliomfikisha hospitalini, ambako hakutarajiwa kupona. Alilazwa kwa miezi 14, na kwa jumla alipasuliwa mara 17 katika miaka iliyofuata.

Alirudi nyumbani hai, lakini taabu haikwisha. Ngozi yenye kovu kubwa si kama ngozi nyingine. Haitoi jasho, hainyooki vyema, tena huwasha na kuuma. Kim alizoea kuvaa mikono mirefu ili ajifiche, akiamini kuwa hapana kijana atakayekubali kumwoa.

Alitamani kuwa daktari, kama wale waliomwokoa. Hata hivyo, alipokuwa masomoni, maofisa wa serikali waligundua kuwa yeye ndiye mtoto wa picha ile. Wakawa wakimwondoa darasani ili ahojiwe na wageni kutoka ng'ambo. Vita vilikuwa vimeuharibu mwili wake, na sasa masomo nayo yakawa yanamponyoka.

Kufikia mwaka wa 1982 alikuwa amejaa chuki na hakuona faida ya kuishi.

Ndipo siku moja, katika maktaba mjini Saigon, alipopata nakala ya Agano Jipya. Jamaa yake walikuwa wafuasi wa dini ya Cao Dai, na uamuzi wake haukuwafurahisha. Lakini Krismasi ya mwaka huo Kim aliamua kuwa Mkristo.

Imani hiyo mpya ilimletea mtihani. Aliposoma agizo la Yesu la kuwapenda adui, aliona ni jambo lisilowezekana. Ameeleza mara nyingi kuwa hakuweza kufanya hivyo kwa siku moja. Alichofanya ni kuanza kuwaombea waliomtesa, na kadiri alivyowaombea, ndivyo moyo wake ulivyolainika.

Msomaji atambue jambo moja hapa. Wakati huo hapakuwa na yeyote aliyemjia kumwomba radhi. Wengi wetu hukwama papo hapo, tukingoja mkosaji apige magoti kwanza. Kim hakungoja.

Mwaka wa 1986 alipelekwa Cuba kusoma, na huko akakutana na mwanafunzi mwenzake kutoka Vietnam, Bw Bui Huy Toan. Walioana mwaka wa 1992. Wakirejea kutoka fungate mjini Moscow, ndege yao ilitua Gander, Canada, kutia mafuta. Wawili hao walishuka wakaomba hifadhi. Yule aliyedhani hataolewa akajaliwa wana wawili.

Mnamo Novemba 11, 1996 alisimama mjini Washington, mbele ya ukuta wenye majina ya Wamarekani zaidi ya 58,000 waliopoteza maisha katika vita hivyo. Aliwaambia wanajeshi wa zamani kuwa lau angekutana na rubani aliyeangusha bomu, angemwambia kuwa yaliyopita hayabadiliki, ila wanaweza kutenda mema leo na kesho.

Mwaka uliofuata alianzisha wakfu wa kuwasaidia watoto waliojeruhiwa vitani. Aidha, aliwahi kuteuliwa balozi wa nia njema wa UNESCO.

Lakini je, kusamehe kulimwondolea makovu? La. Mwaka wa 2015, zaidi ya miaka 40 baada ya kuungua, alianza matibabu ya miale ya leza mjini Miami ili ngozi ilegee na maumivu yapungue. Maombi hayakumzuia kwenda kwa daktari. Wala msamaha haukumfanya aseme kuwa alilotendewa lilikuwa halali, kwani angali anapinga vita hadharani.

Huenda wewe nawe una mtu ambaye hutaki hata kulisikia jina lake. Bi Kim Phuc hakuanza kwa kumkumbatia adui. Alianza kwa kumtaja katika sala, na akarudia kesho yake.