Uchambuzi wa mitandao ya sampuli za muziki

Uchambuzi wa mitandao ya sampuli za muziki ni njia ya kuchunguza jinsi nyimbo zinavyoazimana vipande. Sampuli ni sehemu ya rekodi ya awali, kwa mfano mapigo ya ngoma, mstari wa besi au sauti ya mwimbaji, inayotumiwa tena katika wimbo mpya.

Jinsi inavyofanyika

Kila wimbo huwekwa kama nukta. Kila uazimaji huchorwa kama mshale kutoka wimbo wa awali kwenda wimbo mpya. Wimbo unaotoa mishale mingi umeazimwa sana. Unaopokea mingi umejengwa kwa vipande vya wengine. Mwaka 2011 Nicholas Bryan na Ge Wang wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitumia orodha za tovuti ya WhoSampled kupima athari za nyimbo, wasanii na aina za muziki kwa njia hii.

Mfano wa Tanzania

"Ice Ice Baby" (1990) ya Vanilla Ice ilichukua besi ya "Under Pressure" (1981) ya Queen na David Bowie. Mwanzoni hao hawakutajwa kama watunzi, walitambuliwa baadaye. Mwaka 1991 Saleh Jabir alirap kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" na kushinda shindano la Yo! Rap Bonanza.

Mtandao huu una nukta tatu na mishale miwili. Ukihesabu mishale ya moja kwa moja, "Under Pressure" ina mmoja tu. Ukifuata njia nzima, imefikia nyimbo mbili. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, lakini kipande hicho kilifika kwa Saleh Jabir kupitia Marekani.

Mipaka

Si kila uazimaji ni sampuli. "Salome" (2016) ya Diamond Platnumz na Rayvanny imetokana na "Maria Salome" ya Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Bukoba, lakini wimbo huo uliimbwa upya. Mshale wa namna hiyo hupewa alama yake.

Tatizo kubwa ni kumbukumbu. Orodha za mtandaoni hujazwa na wapenzi wa muziki, nao huandika wanachokijua. Wimbo uliouzwa kwa kaseti tu, Mirongo jijini Mwanza au kwingineko kandokando ya Ziwa Viktoria, unaweza kukosa nukta kabisa. Hapo mwenye wimbo ataonekana hajaazimwa na yeyote, hata kama kazi yake inasikika katika nyimbo za wengine.