Moto Ulio Chini ya Nchi

Twaikanyaga nchi kila siku, nasi twadhani ya kuwa imetulia. Sivyo. Dunia ni mfano wa yai: nje ina ganda gumu, na ndani mna joto liwezalo kuyeyusha mawe. Ganda hilo limepasuka vipande vipande, navyo husogea polepole mno. Katika Afrika ya Mashariki vipande viwili vinaachana. Ndiyo sababu ya Bonde la Ufa na milima yake ya moto.

Mmoja ni Nyiragongo, katika nchi ya Kongo. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wake ulipasuka, yakatoka mawe yaliyoyeyuka, yakatiririka kama uji hata mjini Goma, yakateketeza maelfu ya nyumba, yakaingia Ziwa Kivu. Watu wakakimbilia Rwanda. Lakini baada ya siku chache wengi walirudi, wakajenga juu ya mawe yale yale.

Kwa nini wasihame? Kwao ni hapo. Tena mawe hayo, yakiliwa na jua na mvua miaka mingi, hugeuka udongo wenye rutuba, nao hustawisha maharagwe na viazi. Basi ukiokota jiwe jeusi lenye matundu, fahamu ya kuwa jana lilikuwa moto, na kesho litakuwa shamba.